Kiatu cha Kushoto Uvunguni

Waliokuwepo wiki iliyopita watanivumilia kidogo. Kuna wenzetu walikuwa msibani, au rumande, na hawajui tulipofika. Koplo mstaafu, mwenye mguu mmoja tu wa kulia, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akitafuta gongo lake lililoteleza chini ya kitanda. Mkono ukagusa kifurushi. Akakivuta, karatasi ikachanika, na ndani kikatoka kiatu kipya, cheusi, cha kamba, kimeng'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Kiatu cha kushoto.

Tuliishia hapo, na mhariri anasema simu ya ofisini haikupumzika. Msomaji mmoja aliniita mbea. Mwingine aliuliza kama kiatu kinauzwa. Nimewasikia wote, tuendelee.

Kwanza muuelewe uzito wa jambo. Mwenye mguu mmoja hununua viatu viwili kama mimi na wewe, maana hakuna duka linalouza nusu jozi. Koplo naye hununua jozi nzima. Lakini cha kushoto hakijawahi kulala nyumbani kwake hata siku moja. Akitoka dukani hupitia jalalani, anakivurumisha kama anarusha bomu la mkono, ndiyo anakwenda zake nyumbani. Mtaa mzima unajua, na mbwa wa jalala wanajua.

Kwa hiyo kiatu hiki hakikuwa chake. Na nyumba ile haina mwanaume mwingine, maana watoto wamekua na wana kwao.

"Mama watoto!" Koplo alinguruma palepale chini.

Mkewe alikuwa chumba cha pili akishona. Ni fundi wa nguo, na mtaa unamwita Mama Vifungo, kwa sababu ukimtuma nyanya anarudi na vifungo. Alikuja na futi ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Alipokiona kiatu, pini zikaanguka.

"Kiatu cha nani hiki?"

Mama Vifungo akainama kuokota pini.

"Nakuuliza, cha nani?"

"Hicho," Mama Vifungo alisema taratibu, "ni cha kushoto."

"Naona! Nimepoteza mguu, sijapoteza macho!"

Masikini Mama Vifungo. Kila Jumatano humuaga mumewe kwamba anakwenda kununua vifungo, na kila Jumatano haendi kununua vifungo. Anakwenda Kituo cha Wanajeshi Wastaafu na Familia Zao, anakaa na wanawake wenzake ambao waume zao walirudi kutoka vitani bila kurudi sawasawa. Wanacheka, wanalia, wanasengenya, kisha kila mmoja anarudi kwake akiwa na nguvu za wiki nyingine.

Koplo hajui. Koplo aliapa kwamba mtu wa nyumba yake akikanyaga Kituoni, asirudi. Kwake yeye wale ni ombaomba waliovaa medali.

Kifurushi kilitoka hukohuko Kituoni. Mama Vifungo alikileta mwenyewe na kukificha uvunguni, akingoja siku mumewe aamke na uso wa binadamu ampe zawadi. Aliambiwa ndani mna kiatu cha kulia. Hakukifungua. Sasa anatazama cha kushoto na yeye mwenyewe haelewi kimetoka wapi.

Pimeni wenyewe. Akisema kweli, amevunja amri ya nyumba. Akinyamaza, ana hawara. Mimi ningezimia kwanza, halafu nione itakuwaje.

"Kaka! Si nilisema?"

Sauti ilitoka dirishani. Huyo ni dada yake Koplo, wifi yake Mama Vifungo, anayekaa chumba cha uani. Jina lake la mtaani ni Redio, na ni redio isiyotumia betri. Alidai amekuja kuomba chumvi, ila hakuwa na hata kijiko mkononi.

"Lisemwalo lipo!" alisema akiwa tayari yuko ndani.

"Ulikuwa unalisema wewe peke yako, wifi."

"Na kama halipo li njiani laja! Ndiyo limekuja, tena limevaa kiatu!"

Koplo alijivuta akaketi kitandani. Uso ulikuwa wa mpelelezi.

"Mtu gani anaacha kiatu kimoja? Aliondokaje?"

"Aliruka dirishani," alisema Redio. "Ukiruka, kimoja hubaki."

"Dirisha lina nondo."

"Basi ni mwembamba."

Koplo akakilinganisha na kiatu chake cha kulia. Namba ileile. Hapo ndipo damu ilipomchemka, kwa sababu Koplo ana mguu mdogo sana. Jeshini walikuwa wakimwambia buti zake zinaletwa na gari la shule ya chekechea. Namba ile haivaliwi na kila mwanaume.

"Kumbe kakutafutia mfano wako, kaka," Redio akamwongezea petroli. "Ana uchaguzi huyu."

"Wifi, ogopa Mungu."

"Namwogopa. Ndiyo maana uvunguni kwangu kuna vumbi tu."

Koplo hakuwasikiliza tena. Alikuwa ameokota kamba iliyofungia kifurushi na anatazama fundo. Alilitazama muda mrefu, akalipitisha kidole.

"Fundo hili linafungwa stoo ya jeshi tu," alisema. "Raia hawalijui. Huyu mwanaume wako ni askari."

Mama Vifungo akaanza kuikunja karatasi iliyochanika.

"Askari," Koplo aliendelea, akikitikisa kiatu, "mwenye kiatu cha kushoto peke yake. Hakukisahau kimoja. Ana kimoja! Ni kilema kama mimi! Umeniacha mimi mwenye wa kulia, ukaenda kwa mwenye wa kushoto!"

Nakiri kwamba kwa upelelezi wote niliowahi kuusimulia kwenye safu hii, huu ndio uliokuwa na akili nyingi na ukweli kidogo.

"Funga virago," Koplo alisema. "Jua lisizame ukiwa humu ndani."

Nilitegemea machozi. Ninyi pia mlitegemea machozi, msinidanganye. Mama Vifungo alimtazama mumewe, akapanda juu ya kiti na kuanza kushusha mapazia.

"Unafanya nini?"

"Nafunga virago. Mapazia nimeshona mimi."

Yakaenda mapazia. Vikaenda vitambaa vya makochi. Kikaenda kitambaa cha meza, mito, na shuka alilokalia Koplo mwenyewe, lilivutwa kwa nguvu mpaka akabaki juu ya godoro tupu. Sebuleni kukawa kweupe, na wapita njia wakaanza kupunguza mwendo.

"Wifi, angalau la upande wa barabarani!" Redio alilia, amejitanda dirishani mikono miwili. "Watu wanatuona!"

"Wasalimie."

Kisha Mama Vifungo akatazama suruali ya mumewe, ile aliyomkunjia na kumshonea vizuri upande wa kushoto, mshono usioonekana.

"Na hiyo nimeshona mimi."

"Suruali iache!"

Koplo aliona vita hii ataipoteza. Akafunga kamba za kiatu, akakitundika shingoni, akachukua magongo yake yote mawili na kutoka. Alijua pa kwenda. Askari wenye mguu mmoja mji ule wanakusanyika mahali pamoja tu.

Tafadhali ushangaeni ulimwengu. Mkewe alimsihi miaka aende Kituoni, hakwenda. Daktari alimtisha, hakwenda. Wenzake walikuja mpaka mlangoni, akawaambia hayupo, akiwa amekaa mbele yao. Leo anakwenda mbio, kwa mguu mmoja, jasho linamtiririka. Wivu ni dawa kali, tatizo hauuzwi kwa vidonge.

Kituo zamani kilikuwa kiwanda cha mikate. Mpaka leo ukiegemea ukuta unatoka na unga mgongoni. Rafu zilizokuwa za mikate sasa zimepangwa miguu ya bandia, mirefu kwa mifupi, kila mmoja na soksi yake. Katikati kuna vyuma viwili vya kushikilia, watu hujifunzia kutembea. Nyuma ya tanuri kuna chumba cha wanawake, na kicheko kinachotoka humo kingeweza kuumua unga bila hamira.

Mezani alikaa Bwana Jozi. Kazini alikuwa mtunza stoo wa kikosi, na hapa Kituoni kazi yake ni moja aliyoibuni mwenyewe: kuwaoanisha watu kwa viatu. Anamchukua aliyebaki na mguu wa kulia, anamtafutia aliyebaki na wa kushoto, namba ileile, kisha jozi moja inavalisha watu wawili. Hawatajiani majina mpaka wazoeane, kwa sababu wawili wa kwanza aliowakutanisha walipigana juu ya rangi.

Hakunyanyua uso.

"Karibu, afande. Huduma gani? Mguu, masikio, usingizi au ndoa?"

"Fumanizi!"

"Hiyo ni ndoa. Benchi la pili."

"Sikuja kukaa! Namtaka mwanaume mwenye mguu wa kushoto tu!"

"Wako watatu hapo. Chagua."

Kweli, benchi la kwanza walikuwa wamekaa wastaafu watatu wanakunywa chai, kila mmoja na mguu wake wa kushoto mbele. Koplo akavuta pumzi na kutoa ile sauti ambayo serikali ilimlipa miaka mingi kuitoa.

"Mguu... sawa!"

Wote watatu wakasimama wima kama mishumaa. Mmoja bado ana kikombe mdomoni. Walistaafu zamani, lakini hayo ni mambo ya mwili, akili haiulizwi.

"Vueni!"

Wakavua. Wa kwanza alikuwa na mguu kama kasia, kiatu hakikumfika hata kwenye vidole. Wa pili aliingiza kidole gumba, kikakwama, ikabidi wenzake wavute. Wa tatu alikipima, akakigeuza, akakinusa.

"Afande," alisema kwa heshima, "mkeo simjui. Lakini kiatu nimekipenda."

Koplo akamnyang'anya, akakirudisha shingoni, na alikuwa amekwisha kunyanyua gongo mlango ulipofunguliwa. Akaingia Mama Vifungo na begi la mapazia. Nyuma yake Redio, amejitwika kichwa cha cherehani. Msidhani ni huruma. Hakutaka kupitwa, na wifi yake alimwambia anayefuata anabeba.

"Mume wangu, kabla hujamuua mtu..."

Hakumaliza. Mlango wa nyuma ya tanuri ulifunguka na wanawake wakajitokeza, wamevutwa na kelele.

"Mama Vifungo!" mmoja akapaza sauti. "Leo si Jumatano! Au hali imekuwa mbaya?"

"Mbona na mapazia?" mwingine akauliza. "Ndiyo umemhama?"

Mlikuwa mkingoja siri itoke. Ndiyo hiyo imetoka, na watu kumi wameiona.

"Unajulikana hapa?" Koplo aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo ghafla.

Mama Vifungo aliweka begi chini.

"Ndiyo. Nakuja hapa kila Jumatano. Vifungo vyote ninavyonunua ni vya muuza duka wa hapo nje, nisirudi mikono mitupu. Nakuja kwa sababu unapiga kelele usingizini na sina wa kumwambia. Unanishika mkono mpaka unavimba, asubuhi nawaambia wateja nimejigonga kwenye cherehani. Unaita, 'Sajini, shika! Sajini, usiachie!' Asubuhi nakuuliza Sajini ni nani, unaniambia chai ya moto. Miaka yote hii nalala na wanaume wawili kitanda kimoja, na mmoja simjui!"

"Wawili!" Redio akadakia.

"Wifi, nitakutwika na meza yake."

Redio akanyamaza. Iandikwe, maana sijui kama itatokea tena.

"Nilisema hapa kwamba mume wangu anatupa viatu vya kushoto," Mama Vifungo aliendelea. "Nikaambiwa vya kulia vinapatikana. Nikakupima kwa futi ukiwa umelala. Nilitaka siku moja utoke dukani bila kupitia jalalani. Basi. Huyo ndiye hawara wangu."

Alikuwa analia sasa, na alilia bila kujifuta, kama mtu aliyechoka kuficha.

Koplo alikwenda mwenyewe kwenye benchi la pili akakaa. Alikaa na magongo mapajani.

"Bomu lilitukuta pamoja," alisema. "Mimi likanichukulia wa kushoto, Sajini wa kulia. Tukalala pale tumeshikana mikono. Tukaapa hakuna kuachia. Machela ilipokuja, nikaachia. Nikabebwa mimi. Sajini akabaki. Sikuuliza yaliyotokea. Mpaka leo sijauliza. Hapa sikuja kwa sababu wapo watakaonijibu."

Kumbe ndiyo hiyo. Miaka yote tunamcheka mtu kwa kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa woga umevaa sare.

"Ungeniambia," Mama Vifungo alisema.

"Ungeniona mwoga."

"Mwoga nimekuona leo. Umemfukuza mkeo kwa sababu ya kiatu."

Benchi la kwanza likaguna kwa kukubali. Koplo akainamisha kichwa, na kiatu kikaning'inia shingoni mwake. Hapo Bwana Jozi, ambaye muda wote alikuwa anakikodolea macho, alikohoa.

"Samahani," alisema. "Hii ndoa, nadhani nimeiharibu mimi."

Watu wote wakamgeukia.

"Shemeji alinieleza kila kitu vizuri. Lakini mimi nimekaa stoo ya jeshi maisha yangu yote. Kule hatuandiki kilichopo. Kilichopo kina faida gani, si kipo? Tunaandika kilichopungua. Basi kwa jina la Koplo nikaandika kushoto, maana ndio uliopungua. Siku ya kufunga mizigo nikasoma kushoto, nikafunga kushoto."

"Kwa hiyo changu cha kulia..."

"Kimekwenda kwa mwenzako. Ambaye wa kulia hana."

Kwanza alicheka yule mwenye mguu kama kasia. Kisha wanawake. Kisha Mama Vifungo, machozi bado yapo mashavuni. Nyumba imevunjwa, mapazia yameng'olewa, cherehani imehamishwa mji mzima kichwani mwa Redio, na chanzo ni tabia ya stoo.

Koplo hakucheka. Alisimama, akasogea mbele ya mkewe.

"Mama watoto, nimekosa," alisema chini chini.

"Sikusikia. Nyumbani ulinguruma, majirani walisikia."

Koplo akavuta pumzi.

"Nimekosa!"

Wale watatu wa benchi la kwanza wakasimama wima tena, chai ikamwagika.

"Na mapazia?"

"Nitayatundika mimi."

"Kwa mguu mmoja, juu ya kiti?"

"Redio atashika kiti."

"Mimi?" alisema Redio. "Mimi niliomba chumvi tu!"

Hapa mwandishi mwenye busara angeweka kalamu chini. Wamepatana, kosa limejulikana, watu wanacheka, jioni njema. Lakini Bwana Jozi akasema jambo moja dogo huku akikuna kichwa.

"Mwenzako naye atakuwa amefungua chake. Nadhani yuko njiani. Na ulimi wake naujua."

Kabla hajafunga mdomo, gongo liligonga mlango mara moja, kwa nguvu, na sauti ikatangulia kuingia.

"Yuko wapi mjinga aliyenifungia cha kulia? Nikivae kichwani?"

Koplo alisimama wima. Hakuna aliyemwamrisha. Mgongo ulinyooka wenyewe, kidevu kikapanda, na magongo yakaanguka sakafuni akabaki juu ya mguu wake mmoja hatikisiki.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mfupi, nywele zimekatwa chini, mvi tupu. Mguu wake mmoja, wa kushoto, ulikuwa ndani ya raba iliyochoka, na mkononi alishika kiatu kipya cheusi. Alikuwa na tusi lingine tayari. Likamfia mdomoni.

"Koplo," alisema.

"Sajini."

Mama Vifungo aligeuza kichwa huku na huku, akaangalia hadi nyuma ya mlango.

"Yuko wapi huyo Sajini?"

"Ndiye huyu," alisema Koplo.

"Huyu ni mama!"

"Ni Sajini."

"Sajini ni mwanamke?"

"Hukuuliza."

Sitawaelezea jinsi Mama Vifungo alivyomtazama. Gazeti hili linasomwa na watoto. Lakini Koplo hakumwona. Alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, na uso wake ulikuwa unavunjika vipande.

"Niliuachia mkono," alisema. "Sajini, nisamehe. Tuliapa, nikauachia."

"Nani alikuambia uliuachia?" Sajini alimjia juu. "Uachie wewe? Ulikuwa umening'ang'ania kama kupe! Machela ilikuwa moja, ya mtu mmoja, na wewe ulikuwa unaishiwa damu kuliko mimi. Nilikubembeleza, hukusikia. Nilikupiga kofi, hukusikia. Mwisho nikakuuma kidole. Ndiyo ukaachia, mpumbavu wewe."

Koplo akainua mkono wake wa kulia. Kwenye kidole cha kati kuna kovu la duara, dogo, ambalo siku zote aliamini ni la bomu. Alilitazama na kulitazama. Kisha akalia, kwa sauti, mbele za watu, na hakuna hata mmoja wa benchi la kwanza aliyepata ujasiri wa kumtazama, kwa sababu na wao walikuwa wanahangaika na macho yao.

Na Mama Vifungo? Yule aliyekuwa tayari kupigana alivuka chumba na kumkumbatia yule mwanamke, magongo na kiatu na yote.

"Asante," alisema. "Asante kwa kunirudishia. Sikujua nimshukuru nani."

Sajini alimpigapiga mgongoni, kiaskari, kama anapangusa vumbi. Kisha akajiondoa taratibu na kumtazama vizuri.

"Usijali, mama. Na wewe ni nani kwake? Dada?"

"Dada ni mimi," alisema Redio.

"Mimi ni mkewe," alisema Mama Vifungo.

"Mke wa pili?"

"Mke wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Tuna watoto watatu."

Sajini hakutabasamu. Aligeuka polepole juu ya mguu wake, akamtazama Koplo, na machozi ya Koplo yalikauka palepale, kama bomba lililokatiwa maji.

"Koplo," alisema Sajini. "Uliniambia hujaoa."

Chai ilikuwa imemwagika yote, vinginevyo ingemwagika tena.

"Lini?" Mama Vifungo aliuliza. Aliuliza kwa upole, na upole huo wanaume waliooa wanaujua.

"Kambini. Jioni ile, kabla ya asubuhi ya bomu. Alisema hana mke, hana mtoto, hana anayemngoja. Sikukosea kusikia, kwa sababu nilimuuliza mara mbili. Nilikuwa na sababu ya kuuliza."

"Jioni ile," alisema Mama Vifungo, "mwanangu wa kwanza alikuwa anaota meno. Nilikuwa nimembeba mgongoni, nakushonea soksi."

"Naweza kueleza," alisema Koplo. Hayo ni maneno mawili ambayo tangu dunia iumbwe hayajamwokoa mwanaume hata mmoja.

Sajini akamtupia kile kiatu cha kulia. Koplo akakidaka. Akabaki amesimama katikati ya kiwanda cha mikate, mtu wa mguu mmoja, kwa mara ya kwanza tangu vita ana jozi kamili mbali na jalala, na hajui aifanyie nini.

Bwana Jozi alinyoosha kidole tu, kuelekea benchi la pili.

Lakini safari hii aliyekwenda kukaa ni Mama Vifungo. Aliliweka begi la mapazia mapajani, akalikumbatia, na futi ikining'inia shingoni mwake.

"Eleza," alimwambia mumewe. "Jua bado halijazama."